Kura ya mwenye deni

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Tanga.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba demokrasia ni mambo ya watu walioshiba, kwamba sisi huku tuachane kwanza na kelele za kura tutafute hela, pengo la tajiri na maskini likipungua basi demokrasia itakuja yenyewe tu. Ile barua nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye daladala, mara ya pili usiku nyumbani Ngamiani watoto wameshalala, na kusema kweli imeniuma. Sio kwamba jamaa kaandika vibaya, ana hoja na anaonekana anaipenda nchi yake, ila ukimfuata mpaka mwisho wa maneno yake utakuta maskini hana haki ya kuulizwa chochote mpaka kwanza atajirike.

Mimi ni mkulima wa mkonge, shamba langu liko upande wa Korogwe, familia iko hapa mjini, kwa hiyo wiki naigawa nusu huku nusu kule. Mkonge ni kama nimeurithi. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuja huku kijana mdogo kutoka Kasulu akiwa manamba, na kwa vijana ambao hili neno wanalisikia kama tusi tu, manamba walikuwa vibarua walioletwa kwa makundi kwenye mashamba ya mkonge kutoka Kigoma, Songea, wengine Burundi na Msumbiji, kila mtu anapewa namba yake, ndo jina likatoka hapo. Walifanya kazi kwa kipande. Kipande ni kadi ya siku 30, ukimaliza kazi uliyokatiwa siku hiyo unawekewa alama, usipomaliza au ukiumwa alama hakuna, na hela unaiona kadi ikijaa. Nyumba ya kambi ya bosi, posho ya bosi, dawa za bosi, hata njia ya kurudi kwenu iko mkononi mwake. Ninayo kadi moja ya mzee kwenye bati la majani ya chai, imekunjika katikati, ina alama 21, nafasi 9 ziko wazi. Hizo siku 9 ilikuwaje hakuwahi kuniambia, na mimi nilipopata akili ya kumuuliza alikuwa hayupo tena.

Sasa mwaka 1958 Tanganyika ilipoanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, LEGCO wazee walivyokuwa wanaliita, mzee wangu hakupiga kura. Sheria ya Mwingereza ilitaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au awe na elimu ya kiwango fulani au kazi yenye cheo kinachotambulika, na akishaingia lazima achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, ndo ile kura tatu iliyotaka kuwapasua TANU kule Tabora Januari 1958, Mwalimu Nyerere akasema tuingie hivyo hivyo, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake cha Congress. Haya niambieni mkata mkonge shilingi 3,000 alizitoa wapi. Zao lililokuwa linaiingizia nchi hela nyingi kuliko zao lingine lolote linapita mikononi mwake, anakata yeye, linapita kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, singa, yaani nyuzi zake, zinaanikwa, zinafungwa marobota, zinashuka kwa reli mpaka bandarini Tanga, na yeye kura hana kwa sababu ni maskini.

Kwa hiyo mtu akiniambia maskini angoje kidogo, mimi hilo neno nalijua lilikotoka.

Na wala halina ukweli. India ilipata uhuru 1947, miaka minne tu baada ya ile njaa kubwa ya Bengal, watu wake wengi hawajui kusoma wala kuandika, halafu kati ya mwishoni mwa 1951 na mwanzoni mwa 1952 wakaitisha uchaguzi wa kila mtu mzima, mwanaume na mwanamke, mwenye shamba na asiye nalo, walioandikishwa kama milioni 173, kila chama na alama yake ya picha ili asiyejua kusoma naye achague. Hawakungoja kushiba. Geuka upande wa pili uangalie falme za mafuta kule Ghuba, raia wa kule wengi wana maisha ambayo sisi hatujayagusa, lakini ufalme uko pale pale, kwa sababu kisima ni cha mfalme na raia anapokea kutoka juu. Ana hela ndiyo, ila hela yenyewe kapewa.

Hapo ndo ninapotaka mwenzangu anisikilize vizuri. Mimi siamini kwamba umaskini peke yake ndo unaua kura, wala kwamba pengo likipungua ndo kura inazaliwa. Kinachoua kura ni mtu mmoja kushika riziki ya mwenzake, kiasi kwamba huyu hawezi kusema hapana halafu jioni akala. Hilo linaweza kutokea kwenye nchi tajiri, linaweza kutokea kwenye nchi maskini, na linatokea kwenye kikao cha watu mia.

Niwaeleze yaliyotokea kwenye ushirika wetu, jina nalihifadhi. Ni AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, cha wakulima wadogo wa mkonge. Mkonge ukishapanda unangoja kama miaka mitatu ndo ukate mara ya kwanza, na hiyo miaka mitatu watoto wanasoma, watu wanaumwa, palizi inataka hela. Hapo ndo anapotokea mwenye hela. Kwetu yuko mmoja, ni mwanachama kama sisi, ana lori na duka, anakukopesha laki mbili leo mnaandikiana kwamba majani ukikata ni yake kwa bei aliyoitaja yeye. Sisemi ni mtu mbaya, usiku mmoja alimkimbiza mke wangu hospitali kwa lori lake na mafuta hakunidai. Lakini ulipofika uchaguzi wa bodi tulikuwa tunapiga kura kwa kunyoosha mikono, na yeye alikuwa na mtu wake anayemtaka awe mwenyekiti. Tulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Mbele yangu alikaa mzee mmoja, mkono wake wa kulia una kovu refu la mwiba wa mkonge kuanzia kiganjani, lilipotajwa lile jina aliunyanyua mkono nusu, akageuka nyuma kuangalia mlangoni kule alikokaa yule bwana kwenye kiti cha plastiki, ndo akaumalizia kuunyoosha. Darasa zima lilikuwa hivyo. Na mimi nilinyoosha. Nilikuwa nadaiwa laki tatu na themanini na mtoto anaingia fomu wani mwezi unaofuata.

Uchaguzi uliofuata dada mmoja, mtoto wa juzi tu kwenye ushirika lakini ana ujasiri, akasimama akasema yeye hataki mikono, anataka karatasi. Kukawa na maneno sana, wengine wakasema tunapoteza muda, wengine ooh sisi hapa ni ndugu tunafichana nini, na nikaona wanaosema hivyo kwa sauti ndo wale wasiodaiwa na mtu. Mwisho afisa ushirika akasema haki yao waacheni. Ikaletwa ndoo ya rangi ya lita 20, mfuniko ukatobolewa kwa kisu kilichowekwa kwenye moto, karatasi zikachanwa kwenye daftari la mahesabu, pembeni ya darasa ikafungwa khanga mbili kwenye kamba, unaingia nyuma yake peke yako na kalamu. Nilipoingia mimi nilikuta mtu aliyenitangulia kaacha jasho kwenye kalamu. Kura zilipohesabiwa yule mgombea wa bwana mwenye lori hata nusu hakufika, wakati miaka mitatu nyuma alipita kwa mikono karibu yote.

Umaskini wetu ulikuwa ule ule. Pengo kati yetu na mwenye lori lilikuwa lile lile, pengine limeongezeka maana lori lilikuwa limekuwa mawili. Kilichobadilika ni kwamba hakuona mkono upi ni wa nani.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba Chile walipita njia hiyo hiyo, tena kitaifa. Kule wakulima wasio na ardhi walikuwa wanakaa ndani ya mashamba ya matajiri, kibanda cha bosi, kipande cha bustani cha bosi, na kabla ya 1958 karatasi za kura zilikuwa zinachapishwa na vyama vyenyewe, kwa hiyo mwenye shamba anawapa watu wake karatasi, anawapeleka kupiga kura, basi. Mwaka 1958 sheria ikabadilishwa serikali ichape karatasi moja kwa wote, na vyama vya wenye mashamba vikaanza kuanguka kule kule mashambani vilikokuwa na nguvu. Mwaka 1967 ikaja sheria kubwa ya kugawa ardhi. Angalieni mwaka kura ilipofichwa kule, 1958, ndo mwaka ule ule mzee wangu anazuiwa na pauni 150. Na niseme yote, 1973 jeshi la Chile likapindua serikali, sehemu ya ardhi ikarudi kwa wenyewe wa zamani, yaani wenye mali wakiona kura imewafikia shingoni wanaweza kuivunja meza. Hilo nalo msomaji mwenzangu alikumbuke anaposema itakuja yenyewe.

Uingereza penyewe mpaka 1872 watu walipiga kura hadharani, mpangaji anataja jina la mgombea na wakala wa mwenye ardhi anasikia. Na Wajerumani, hawa waliotuletea huu mkonge, maana ni Dakta Richard Hindorf aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893 ikafika mizima 62 tu ikapandwa Kikogwe kule Pangani, kwao Prussia, ufalme wa Kijerumani, kuanzia 1849 mpaka 1918 wapiga kura waligawanywa madaraja matatu kwa kodi wanayolipa na kila daraja lina uzito sawa, kwa hiyo matajiri wachache daraja la juu wanabeba theluthi na halaiki ya watu daraja la chini inabeba theluthi. Mji wa Essen ilifikia mahali Alfred Krupp, mwenye viwanda vya chuma, yuko peke yake daraja la kwanza, anachagua theluthi ya baraza la mji mtu mmoja. Na kura yenyewe inapigwa kwa mdomo mbele za watu. Nchi ina viwanda, ina reli, ina shule kuliko karibu kila nchi, utajiri haukuileta demokrasia kwa miaka yote hiyo karibu 70.

Wasomi wamelichimba sana hili swali na hawajakubaliana mpaka leo. Kuna wanaosema tatizo ni hofu ya kodi, kwamba maskini wengi wakipata kura watawatoza matajiri, kwa hiyo pengo likiwa kubwa sana tajiri atakataa kura kwa nguvu zake zote, hasa kama mali yake ni ardhi, maana hela unaweza kuihamisha benki ya nje lakini shamba huwezi kulibeba. Wengine wanasema hapana, wanaoleta demokrasia mara nyingi sio maskini, ni watu wapya waliopata hela za biashara na viwanda ila serikali iko mikononi mwa wakubwa wa zamani, wanaogopa watanyang'anywa walichokichuma ndo wanadai bunge. Hawa wana mfano mzuri wa Manchester. Ule mji ulijaa viwanda vya pamba na wenye hela mpya, na kabla ya 1832 haukuwa na mbunge wake hata mmoja, wakati Old Sarum, kilima ambacho watu walishahama zamani, kina wabunge wawili kwa sababu mwenye hicho kilima ni bwana mkubwa. Wenye viwanda wakapiga kelele, 1832 wakaingizwa, wafanyakazi wao wakaachwa nje. Wafanyakazi wa mjini mpaka 1867, wa mashambani 1884, wanawake wakaanza 1918 na kuwa sawa na wanaume 1928.

Mimi naona hawa wote wawili wameshika kitu. Ila ukiangalia kila hatua hapo, aliyepata kura ni yule aliyekuwa tayari na kitu chake mkononi ambacho mkubwa hawezi kukizima, mmoja kiwanda, mwingine chama cha wafanyakazi. Vinginevyo Afrika Kusini haielezeki. Ile nchi pengo lake ni katika makubwa kabisa duniani, kwa hesabu ya hofu ya kodi wenye nchi wasingekubali hata siku moja, lakini Aprili 1994 watu wamepanga foleni. Mtu mweusi kule alikuwa maskini, ila mgodi hauendi bila yeye kushuka chini. Migomo ya Durban 1973, COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikaundwa 1985, 1987 wachimbaji zaidi ya laki mbili wakaweka zana chini, na hapo sijataja waliokufa na waliofungwa na dunia iliyowasusia. Huku kwetu pia. Mzee wangu kura hakuwa nayo lakini mgomo alikuwa nao, mwishoni mwa miaka ya 1950 chama cha wafanyakazi wa mashamba kilipoingia makambini korona zilisimama Tanga hii, na alikuwa akilieleza hilo sauti inabadilika, anasema asubuhi ile kambi nzima ilikuwa kimya mpaka unasikia ndege.

Kuna mtu ataniuliza Azimio la Arusha, lile la ujamaa, je. Mimi Azimio nimekulia ndani yake, nimesoma bure, namheshimu Mwalimu mpaka naingia kaburini. Februari 1967 likatangazwa, mwaka huo huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge yakawa ya umma, pengo kati ya mkubwa na mdogo likabanwa kweli kweli. Kwa nadharia ya mwenzangu hapo ndo demokrasia ya vyama ilitakiwa ichipue yenyewe. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka 1991 kuuliza watu, kama asilimia 80 wakasema tubaki na chama kimoja, na ni wale wachache na busara ya wakubwa ndo vilituvusha 1992. Tungeulizwa mimi na mzee tungekuwa kwenye ile 80. Shamba la serikali, mshahara wa serikali, duka la ushirika la kijiji, nyumba ya shirika, na chama ni hicho hicho, sasa hapana unamwambia nani? Bosi wa zamani aliondoka, riziki ikabaki kwenye mkono mmoja. Na bado penye usiri watu walijua cha kufanya, 1965 chini ya chama kimoja wagombea wawili wawili wakisimama kwa alama za jembe na nyumba wananchi waliwaangusha wabunge waliokuwepo, wakiwemo mawaziri.

Nije kwenye yetu ya leo. Wengine mmesahau kwamba mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, mgombea kuwakirimu wapiga kura ikawa halali kabisa, mpaka 2006 Mahakama Kuu iliposema inakwenda kinyume na Katiba. Mahakama iliifuta kwenye karatasi. Mtaani kila mtu anajua khanga, sukari na nauli vinavyogawiwa, na tunapenda kumlaumu mama aliyepokea kilo mbili za sukari kwamba kauza kura. Mimi simlaumu. Nilinyoosha mkono kwa laki tatu na themanini, yeye ni nani wa kumcheka. Tumlaumu kwa lipi wakati hatujamwekea mahali pengine pa kupata hiyo sukari siku ya shida?

Ndo maana bodi yetu mpya kazi ya kwanza iliyofanya ni mfuko. Kila mauzo ya singa yanakatwa kidogo, mwanachama anayengoja mkonge wake ukomae anakopa humo kwa palizi na ada, anarudisha akikata, na majani yanabaki yake ayauze kwenye bei ya siku. Mfuko bado mdogo, hautoshi wote, mwezi uliopita tuliwarudisha watu saba mikono mitupu na wawili kati yao najua walienda kwa mwenye lori jioni ile ile. Yule mzee mwenye kovu alikuwa wa tatu kukopa, alichukua laki na nusu, ameshazirudisha.

Namuomba msomaji mwenzangu kama atapata nafasi aje Korogwe mwakani siku ya uchaguzi wa bodi. Aje mapema, akae kwenye dawati la nyuma, aangalie watu wakiingia nyuma ya khanga mmoja mmoja na wanavyotoka.

Mkulima wa mkonge,
Ngamiani, Tanga